Daftari la Vilivyokosekana

Kwa miaka mitatu ya mwanzo maduka yetu manne, yaani Kirumba, Nyegezi na Igoma jijini Mwanza, na Nansio kisiwani Ukerewe, yalipokea orodha moja ya bidhaa, na orodha hiyo niliiandaa mimi kwa kutazama mauzo ya mwezi uliopita. Kilichotoka sana kiliongezwa, kilicholala kiliondolewa.

Siku moja baba mdogo, ambaye ndiye mwenye mtaji, aliniuliza kwa nini duka la Kirumba haliuzi viroba vitupu. Nikamjibu kwamba hesabu hazionyeshi uhitaji wake.

"Zitauonyeshaje, mwanangu, na hatujawahi kuviweka?"

Sikuwa na jibu. Hesabu ya mauzo hueleza habari za vitu ulivyokuwa navyo tu. Mteja aliyeulizia kitu, akakikosa, akavuka barabara kwenda duka la jirani, haonekani popote. Tangu hapo kila kaunta ina daftari ambamo muuzaji huandika kila kilichoulizwa kikakosekana, pamoja na tarehe. Wauzaji walinung'unika, na kwa wiki mbili kurasa za Igoma zilibaki nyeupe kabisa, kana kwamba duka lile lilikuwa na kila kitu duniani.

Walipozoea, Kirumba ndiko kulikonifundisha zaidi. Kwa kuwa soko la samaki la mwaloni hupokea wafanyabiashara wa dagaa na kayabo, yaani sangara waliokaushwa kwa chumvi, kutoka hata Kongo, daftari lilijaa viroba, kamba na sindano za kushonea magunia. Tarehe nazo zilikuwa na lake la kusema. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi inapong'aa, taa za wavuvi hazivuti kitu, mitumbwi hupumzika na fedha mtaani hupungua. Kwa hiyo sasa rafu za Kirumba tunazijaza kabla siku za giza hazijaingia, na siku za mbalamwezi tunapunguza soda na biskuti, tukiongeza vifungashio vidogo. Huenda sisi ndio wenye maduka pekee wanaoagiza mzigo kwa kutazama mwezi angani.

Nyegezi, walipo wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), hawakutaka bidhaa mpya bali vipimo vidogo: robo ya sukari, sabuni ya kipande. Nansio, ambako mzigo huvuka ziwa, tumepunguza aina na kuongeza wingi, kwa kuwa mteja akikosa sabuni ya aina moja huchukua nyingine bila kulalamika.

Si kila bidhaa hubadilishika hivyo. Niliwahi kuondoa viberiti Igoma kwa sababu faida yake ni ndogo mno kulinganisha na nafasi, nikasahau kwamba mama lishe anayefuata kiberiti alfajiri hununua pia mchele na mafuta ya kupikia. Alipohamia kwingine alihama na kapu lake lote, na kumrudisha kulichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Wiki hii ukurasa wa Nansio una neno moja lililoandikwa mara tisa: tyubu za baiskeli. Nimeagiza dazeni mbili tu, zikae rafuni kwa mwezi mmoja, na muuzaji ameambiwa aandike pia saizi ambazo wateja watazikosa.