Mkono Usiobeba Maji

Asubuhi hii mjukuu wangu ameniona navaa ile soksi ya kubana mkono, akauliza, "Jaja, mkono wako una baridi?" Nimecheka hadi nimesahau kumjibu. Ggaba ikanirudia, pale ufukweni mwa Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, na harufu yake ya mukene, dagaa wetu, wanaokauka juani.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya kukatwa titi. Wodi, dawa, nywele, hayo yapite. Hospitalini nilitoka na katazo: tezi za kwapani zimeondolewa, basi mkono wa kushoto usichoshwe, utavimba. Nililishika kama sharti la mganga. Ndoo, mwiko wa posho, kitoto kichanga, vyote wakabeba wengine.

Hajati wa kundi letu, aliyewahi kukaa Kanada, ndiye aliyetuletea habari za mitumbwi ya joka. Kwamba mwaka 1996, huko Vancouver, daktari Don McKenzie aliwapandisha wanawake 24 wa maradhi yetu kwenye mtumbwi mrefu wa Kichina, wapige kafi kwa mdundo wa ngoma, aone kama kweli mikono itavimba. Haikuvimba.

"Sasa sisi wenye Nalubaale mlangoni tunangoja nini?" akasema.

Joka letu lilikuwa mtumbwi wa mvuvi uliotolewa mashine, unanuka sangara. Tulikuwa kumi. Ngoma ni dumu tupu, mpigaji ni mtoto wa mvuvi. Jaketi la kuokolea lilinibana penye kovu, nikafungua vifungo. Msinigombeze.

Mwanzoni tuligonganisha makafi tu. Huyu anachota, yule anamwagia wenzake, mtumbwi unazunguka kama pia. Nikainama mbele kuufuata mdundo, titi langu likachomoka.

Titi la kushona, yaani. Nililitengeneza mwenyewe kwa kitambaa cheupe, nikalijaza sufi niliyoitoa kwenye mto wa marehemu mama. Na sufi haizami. Likaelea pale, likaanza safari yake taratibu kuelekea Tanzania.

Dumu likanyamaza. Mvuvi, mtu mzima, akatazama mawingu.

"Banange," nikasema, "mto wa mama yangu unaondoka!"

Hajati akamgeukia mtoto. "Wewe, piga ngoma!"

Ndipo makafi kumi yakaingia majini pamoja kwa mara ya kwanza. Chwaa. Kimya. Chwaa. Mtumbwi ukainua pua. Niliisikia ngozi ya kwapa ikivutika kama uzi uliokazwa, nikayangoja maumivu. Likaja kafi jingine, na jingine, na mimi bado nayangoja. Tulipolifikia nililiopoa kwa ncha ya kafi, nikalikamua palepale mbele ya mvuvi na mwanawe, wala sikuona haya. Wenzangu walicheka hadi mmoja akalia, kisha tukawa hatujui nani analia na nani anacheka.

Usiku niliupima mkono kwa futikamba ya cherehani, mara tatu. Namba ni ileile ya asubuhi. Nilifurahi, sikatai, lakini kulikuwa na jambo jingine lililoninyima usingizi: nilikuwa nimekwisha kuzoea kubebewa. Kulipokucha mkwe wangu akaniwekea maji ya kuoga mlangoni, nikamwambia asante mwanangu, nikanyamaza.

Miaka hii mkono hujaa kidogo. Kwa kafi, kwa umri, au kwa uongo wangu, sijui.

Mjukuu amerudi kudai jibu lake. Nimemwambia ndiyo, una baridi. Amekimbia kunichotea maji.