Waya Mmoja, Kampuni Mbili: Nilivyohama King'amuzi

Baba yangu hasikii vizuri. Masikio yalianza kumchoka miaka kadhaa iliyopita, na tangu hapo televisheni kwake ni kitu cha kusoma zaidi ya kusikiliza. Anafuata maandishi yanayopita chini ya picha, anayalinganisha na nyuso za watu, na hakuna kinachompita. Ujana wake wote alikuwa baharia, kwa hiyo kipindi chochote cha meli lazima akione. Kwa ajili yake nilianza kulipia HD, yaani picha yenye nukta nyingi na herufi kali zaidi, na kwa ajili yake nikahama kampuni. Naeleza nilivyohama kwa sababu nilipoteza miezi mingi nikilaumu vitu visivyokuwa na kosa.

Kampuni ya kwanza ilituletea king'amuzi cha HD cha kukodi. Fundi wao alikiunganisha na televisheni kwa zile nyaya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, akawasha, picha ikaja, akaenda zake. Mwezi uliofuata bili ikaja na ada ya HD juu ya bei ya kifurushi. Baba aliendelea kusema herufi zinamchezea. Nikadhani sasa ni macho, nikampeleka akapimwa, miwani ikabadilishwa. Herufi zikabaki vilevile.

Ilinichukua miezi minane kujua kwamba waya wa njano haupitishi HD. Hauwezi kabisa, hata king'amuzi kiwe kipya namna gani. Picha ya kawaida ina nukta 720 kwa 576, ambazo ni 414,720. Picha kamili ya HD ina nukta 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600, mara tano ya hizo. King'amuzi chetu kilikuwa kinapokea hizo zote kutoka angani, kisha kinazikamua zitoshe kwenye waya wa njano. Miezi minane tulilipia nukta ambazo hazikuwahi kufika kwenye kioo.

Nikanunua waya wa HDMI, ule unaoweza kupitisha picha ya HD. Hata hapo kazi haikuisha, maana kwenye menyu king'amuzi kilikuwa bado kimewekwa kutoa mistari 576, ile ya picha ya kawaida. Nikapandisha hadi 1080. Baba alitazama kidogo, akainuka, akasogeza kiti chake nyuma. Alikuwa amezoea kukaa karibu sana ili asome, na sasa hakuhitaji. Kama nawe unalipia HD, angalia leo nyuma ya televisheni yako ni waya gani umechomekwa, kisha ingia kwenye mipangilio ya picha ya king'amuzi. Ni kazi ya dakika mbili.

Raha hiyo ilidumu mpaka mvua zilipoanza. Picha ikawa inakatika vipandevipande, inaganda, halafu kioo cheusi na ujumbe kwamba hakuna mawimbi. Kilichonichanganya ni kwamba chaneli za kawaida ziliendelea vizuri, za HD tu ndizo zilizokufa, tena si zote. Nikapiga simu huduma kwa wateja. Nikaambiwa nizime niwashe. Nikapiga tena, nikaambiwa nitoe kadi niipanguse. Mara ya tatu nikaambiwa king'amuzi changu ni toleo la zamani, na ili nipewe jipya lazima nisaini mkataba mwingine wa miaka miwili. Sikupenda. Kifaa ni chao, kodi nalipa mimi, kikisumbua dawa yake iwe kunifunga miaka miwili? Siku hiyohiyo niliamua kuhama.

Kabla ya kusaini kwingine nilikaa na daftari nikaandika maswali, na hili najivunia. Sikuuliza wana chaneli ngapi za HD. Idadi hiyo haina maana, kwa sababu chaneli inaweza kubandikwa herufi HD kwenye jina na bado picha yake ikawa ni ya kawaida iliyovutwa ikajaza kioo. Niliuliza king'amuzi kitakuwa cha nani baada ya mkataba. Niliuliza kina vipokeo vingapi ndani, maana chenye kipokeo kimoja hakiwezi kurekodi chaneli moja huku unatazama nyingine iliyo kwenye masafa mengine. Niliuliza kama nikisitisha malipo nitaweza kutazama nilivyorekodi. Na swali ambalo mhudumu alilazimika kwenda kumuuliza mkubwa wake: je, king'amuzi kikirekodi kipindi, maandishi ya chini yanarekodiwa pamoja na picha? Kile cha zamani kilikuwa kinarekodi picha na sauti tu. Kwa baba yangu rekodi kama hiyo ni nusu ya kipindi. Mhudumu alirudi akasema ndiyo, yanarekodiwa. Nikamwomba aniandikie.

Niliuliza pia kama ningeweza kutumia king'amuzi cha kampuni ya zamani kwenye huduma mpya. Haiwezekani. Chaneli za kulipia hutumwa zikiwa zimefungwa kwa siri ya kampuni yenyewe, na kadi pamoja na king'amuzi ndio ufunguo wake. Kifaa cha mwingine kinaweza kuyapokea mawimbi hayohayo kisiweze kuyafungua. Kitakachokufungukia ni zile chaneli za bure tu, ikiwa kinaelewa namna zilivyotumwa.

Mkataba wa zamani ulidai taarifa ya siku 30. Nikaitoa kwa maandishi, na siku hizo 30 ndizo zilizoniokoa, ingawa wakati ule niliziona kama kulipa mara mbili.

Fundi wa kampuni mpya alikuja na dishi lake, kwa kuwa satelaiti yao iko upande mwingine wa anga. Alilifunga vizuri, nakiri. Satelaiti hizi ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na jirani zinaweza kuachana kwa digrii mbili au tatu tu, kwa hiyo dishi likisogea kidogo unapoteza nguvu au unaangukia kwa mwenzake. Yeye alichukua muda, akasogeza kidogo kidogo huku anatazama kipimo chake, akazungusha na LNB, kile kichwa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi, kwenye shingo yake mpaka ubora ukafika juu. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitilia maanani. Alifungua waya kutoka kwenye dishi la zamani akaufunga kwenye dishi jipya. "Waya si uko tayari ukutani," akasema, "hakuna haja ya kutoboa tena." Nikaona sawa.

Siku nne baadaye ikanyesha. Chaneli za HD zikaganda.

Nilikaa chini nikishika rimoti, nimevunjika moyo kweli. Baba akaniuliza, "Hii nayo?" Usiku ule sikulala mapema, nikawa nawaza. Kampuni mbili, madishi mawili, ving'amuzi viwili, satelaiti mbili. Kitu gani hakikubadilika? Waya.

Asubuhi nikamtafuta fundi wa kujitegemea, asiyefanyia kazi kampuni yoyote kati ya hizo. Alikuja binti mmoja kijana, mkobani ana mita ndogo ya umeme. Hakupanda kwenye dishi kwanza. Aliniomba nimtajie chaneli zinazoganda, akaziangalia moja moja kwenye menyu, kisha akasema, "Kaka, zote hizi ni za mlalo. Za wima zinaendelea."

Akanieleza kwa utulivu. King'amuzi hupandisha umeme kwenye waya huohuo unaoleta picha. Mawimbi ya satelaiti hutumwa yakitikisika ama wima ama mlalo. King'amuzi kikitaka chaneli za wima hupeleka volti 13, kikitaka za mlalo hupeleka volti 18, na LNB kule juu inachagua ipokee zipi kulingana na volti ilizozipata. Waya ukiharibika, umeme unapungua njiani. Alipima upande wa king'amuzi, 18. Alipopima juu kwenye dishi LNB ikiwa inafanya kazi, akapata 14 na ushee. LNB ilikuwa imeombwa mlalo, lakini kilichoifikia kilifanana na ombi la wima. Ndiyo maana chaneli zilikuwa zinapotea kwa kundi.

Akafungua kichwa cha waya pale dishini. Shaba ilikuwa kijani, na maji yakadondoka. Hakukuwa na mpira wa kuzuia maji, wala waya haukuachiwa kitanzi cha kuteremka ili maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi kwenye kiungo. Maji yalikuwa yameingia na kushuka ndani ya ganda kwa kipindi chote kile.

Nikamuuliza kwa nini basi hata za HD zilizo kwenye wima zilikuwa dhaifu kuliko za kawaida. Hapa nilijifunza kitu ambacho natamani ningekijua mwanzo. Chaneli za kawaida kwa sehemu kubwa zilizoea kutumwa kwa namna ya kubeba biti mbili katika kila mpigo wa wimbi. HD nyingi hutumwa kwa kiwango cha DVB-S2, kilichotolewa mwaka 2005, na mara nyingi kila mpigo unabebeshwa biti tatu. Mzigo mkubwa zaidi unataka mawimbi safi zaidi. Kwa hiyo dishi na waya vilivyotosha miaka yote kwa picha ya kawaida vinaweza visitoshe kwa HD, na wewe ukadhani kampuni inakuibia. Dijitali nayo haikuonyi mapema. Picha ya zamani ya analogi ilikuwa inajaa chenga taratibu, hii inakuwa nzuri mpaka dakika inapoanguka. Tangu hapo nikiingia kwenye menyu sitazami mstari wa nguvu ya mawimbi, natazama mstari wa ubora. Nguvu inaweza kuwa kubwa huku ubora uko chini kabisa.

Nilimwomba avute nyaya mpya mbili, moja kwa kila dishi, kila moja na mpira wake na kitanzi chake. Ubora wa chaneli za HD kwenye king'amuzi kipya ukapanda kutoka asilimia 52 hadi 84. Kisha nikachomeka na kile cha zamani. Kikafanya kazi bila kuganda hata mara moja.

Hilo lilinisumbua. Nilikuwa nimeihama kampuni kwa kosa la waya. Zilikuwa zimebaki siku 19 za taarifa, nikaamua kuwa wa haki: ving'amuzi vyote viwili kwenye televisheni moja, kila kimoja kwenye tundu lake la HDMI, na baba ndiye hakimu. Kwa ung'avu wa picha hakuona tofauti kubwa, nami pia sikuiona, isipokuwa kwenye michezo, pale ambapo ile ya zamani ilivunjika kidogo wachezaji wakikimbia. Kilichoamua ni maandishi. Kwenye king'amuzi kipya yalirekodiwa kama nilivyoandikiwa. Na bado sikusahau lile sharti la miaka miwili. Nikabaki na uamuzi wangu, safari hii nikiwa na sababu za kweli.

Uchungu ulikuwa kwenye rekodi. Ndani ya king'amuzi cha zamani baba alikuwa ameweka saa 40 na zaidi za vipindi vya bahari. Havihamishiki. Diski imefungwa kwa siri kama matangazo yenyewe, na ukiitoa ukaichomeka kwenye kompyuta huoni kitu cha kutazama. Kwa hiyo kila jioni tulikaa wawili tukavitazama vyote, na kwa kuwa maandishi hayakurekodiwa, mimi nilikuwa namwandikia kwenye karatasi yale muhimu yaliyosemwa. Alikuwa anasoma, anatikisa kichwa, wakati mwingine ananisahihisha: "Hapana, hiyo siyo nanga ya namna hiyo." Sijawahi kukaa na baba yangu jioni nyingi hivyo mfululizo tangu niko mtoto.

Siku ya mwisho ya taarifa nilirudisha king'amuzi, rimoti, kadi na kifaa chake cha umeme. Nilivipiga picha vyote mezani namba zikionekana, na nikakataa kuondoka dirishani mpaka nilipopewa karatasi iliyosainiwa ikitaja kimoja kimoja. Wiki tatu baadaye ilikuja bili ya kifaa cha umeme "ambacho hakikurudishwa". Nikawatumia picha na karatasi. Bili ikafutwa.

Juzi ilinyesha tangu saa kumi jioni. Binti yule fundi alikuwa ameniambia wazi kwamba mvua kubwa sana itapunguza mawimbi hata waya ukiwa mpya, maana matone yenyewe huyameza njiani. Nikaingia kwenye menyu kuangalia: ubora 61. Baba akanipungia mkono niondoe menyu, imemzibia. Kulikuwa na meli ya mizigo inaingia bandarini. Akasoma kwa sauti jina lililoandikwa ubavuni mwake, si maandishi ya chini, jina lenyewe lililopakwa rangi kwenye chuma, akiwa ameegemea kiti chake kule nyuma.