Banio likiwa wazi Septemba, nani wa kulifunga: mbunge au mwanaharakati?

Ubishi wa nani mwenye uwezo zaidi katika mambo ya mazingira, mwanasiasa au mwanaharakati, huku Nyanda za Juu Kusini una kipimo chake: mto Ruaha Mkuu na mabanio yake, yaani milango inayochepusha maji ya mto kwenda kwenye mifereji ya mashamba. Sheria zipo. Ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ni ya 2009, na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ina makao yake Iringa mjini. Ahadi nazo zipo, tena za viongozi wakubwa. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi akiwa London kwamba ifikapo 2010 mto huu utatiririka mwaka mzima. Aprili 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliunda kikosi kazi cha kuunusuru. Mto ulianza kukatika kiangazi cha 1993, na baada ya ahadi zote hizo bado unakatika.

Ili tujue nani anaweza kufanya nini, lazima kwanza tujue mto unakatikaje. Maji yanashuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto kwa mito kama Mbarali, Kimani na Chimala, mengine yanatoka upande wa Mufindi kwa mto Ndembera. Yanaingia tambarare ya Usangu, yanakusanyika kwenye ardhioevu ya Ihefu, kisha yanatokea mahali pamoja tu, Ng'iriama, kwa kupita juu ya kizingiti cha mwamba. Kizingiti hicho ndicho kinachoamua. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kimo cha mwamba, hakuna kinachovuka, hata kama bwawani bado kuna maji. Na humo ndani jua na majani vinayanywa kila siku. Kwa hiyo mto utatiririka Oktoba ikiwa tu maji yanayoingia Ihefu yanafidia yale yanayopotea humo. Chini yake inasubiri Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha Mtera yenye mitambo ya megawati 80 na Kidatu ya megawati 204.

Masika mto unajaa, na mpunga ukichukua maji yake si rahisi kuona pengo. Shida inaanza baada ya mavuno. Majaruba hayana kitu, lakini mabanio yako wazi, na maji yanapita kwenye mifereji ya udongo iliyojaa nyasi ili kufikia bustani chache, mifugo na ndoo za nyumbani. Sehemu kubwa inazama ardhini au inaishia kwenye madimbwi njiani. Kiangazi mto wenyewe umebaki na maji machache, kwa hiyo kila banio lililo wazi linakata fungu kubwa la kile kilichopo.

Mwaka 2006 serikali iliwaondoa wafugaji na ng'ombe wao Usangu. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Na. 28, Ihefu ikaingizwa kwenye hifadhi, ukazaliwa mgogoro wa mpaka na vijiji vya Mbarali uliodumu miaka mingi. Ng'ombe walifukuzwa, mto ukaendelea kukatika. Naona sababu iko wazi: kundi la ng'ombe linaonekana kwenye picha, banio lililosahauliwa wazi halionekani, na siasa huenda kwenye kinachoonekana.

Hata hivyo nisiwadharau wanasiasa, maana kuna kazi ambayo hakuna mwanaharakati angeiweza. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na ndani ya wiki chache ilitoweka masokoni, kuanzia soko la Mwanjelwa, Mbeya, hadi Soko Kuu la Iringa. Kanuni ziliweka faini ya kati ya shilingi 30,000 na 200,000 kwa anayekutwa akiitumia, na kwa mtengenezaji kuanzia milioni 20 hadi bilioni moja. Ilifanikiwa kwa sababu mifuko inatoka kwenye viwanda vichache na mipakani, mbadala ulikuwepo siku ileile, na hakuna mtu ambaye chakula chake cha mwaka kinategemea mfuko. Bomba lilikuwa moja, mkono mmoja wenye mamlaka ukalifunga. Palipobaki mwanya, vile vifungashio vyembamba vya karanga na sukari, mifuko ilirudi kwa jina jingine.

Maji ya Usangu hayana bomba moja. Yana mabanio mengi, na nyuma ya kila banio kuna wakulima wanaopiga kura. Wanaoumia mto ukikatika ni viboko, hifadhi, mitambo ya umeme na watu wa majimbo mengine kabisa. Mbunge wa upande wa juu wa mto akifunga banio anapoteza kura zake, na shukrani zinakwenda kwa mbunge wa upande wa chini. Mpaka wa jimbo haufuati mkondo wa mto, na hapo hata mbunge mwema anakwama.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: mwanasiasa anaweza zaidi pale penye mlango mmoja wa kufunga. Penye milango mingi, mwanaharakati anaweza zaidi, kwa sharti kwamba aache kuhutubia na aanze kupima. Kikundi kikienda kwa diwani na bango, diwani atapiga nacho picha. Kikienda na namba, atalazimika kujibu.

Kupima maji ya mfereji hakuhitaji mtaalamu wala mashine. Tafuta kipande cha mfereji kilichonyooka, chenye upana usiobadilika, urefu wa mita 10. Chomeka mti mwanzoni na mwishoni. Pima upana wa maji, kisha kina katika sehemu tatu za upana huo, karibu na kila ukingo na katikati, na utafute wastani. Dondosha chungwa mita mbili kabla ya alama ya kwanza ili lishike mwendo wa maji, na uhesabu sekunde kutoka alama hadi alama. Chungwa ni bora kuliko jani kwa sababu linaelea likiwa limezama karibu lote, upepo hausukumi kitu. Rudia angalau mara tano, tupa mizunguko ambayo chungwa liligusa ukingo au lilinasa kwenye nyasi, chukua wastani wa iliyobaki.

Tuseme wastani ni sekunde 25. Mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Upana ni mita 1 na kina cha wastani mita 0.3, kwa hiyo eneo ni mita za mraba 0.3. Zidisha 0.4 kwa 0.3, kisha zidisha kwa 0.8, kwa kuwa maji ya juu yanakwenda kasi kuliko ya chini yanayokwaruza udongo. Unapata mita za ujazo 0.096, yaani lita 96 kwa sekunde. Wengi wanasahau hiyo 0.8, wanatoa namba kubwa kuliko hali halisi, na siku mtaalamu wa bonde akija na kifaa chake kikundi kinaaibika na hakisikilizwi tena. Kosa jingine ni kupimia mahali mfereji unapobana; hapo maji yanakimbia na kina kinadanganya.

Hatua inayofuata ni kibali. Anayechota maji mtoni kwa mfereji wa umwagiliaji anatakiwa awe na kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde, na kibali kinataja kiasi. Soma vizuri kama kiasi kinatofautiana kati ya masika na kiangazi, kwa sababu kulinganisha kipimo cha Septemba na kiasi cha Februari ni kujiangusha mwenyewe. Tuseme kibali kinaruhusu lita 60 kwa sekunde. Ziada ni lita 36. Kwa siku yenye sekunde 86,400 hizo ni lita 3,110,400. Kwa kipimo cha Sera ya Maji ya 2002 kwa vijijini, lita 25 kwa mtu kwa siku, ni maji ya watu 124,416, yanayopotea kwa mfereji mmoja. Namba hiyo isemwe kwenye mkutano wa jumuiya ya watumia maji mbele ya wakulima wenyewe, kabla haijafika kwa mwandishi wa habari. Wakulima wakiisikia kwanza redioni wataona wamesalitiwa, na mwaka ujao hakuna atakayekuruhusu kukanyaga ukingo wa mfereji.

Kisha inakuja karatasi, na hapa ndipo juhudi nyingi nzuri zinapofia. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo. Rasimu inajadiliwa na halmashauri ya kijiji, inapelekwa mkutano mkuu wa kijiji, inapita kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha inakwenda baraza la madiwani kuidhinishwa. Haihitaji kufika kwa waziri, tofauti na sheria ndogo ya wilaya. Mbunge naye ni mjumbe wa baraza lile. Hapo anahitajika kweli, kwa mkono wake na sauti yake, kuliko jukwaani.

Nini huharibika? Muhtasari wa mkutano mkuu unakosa orodha ya mahudhurio yenye saini, mwanasheria wa halmashauri anairudisha. Rasimu inasema "ni marufuku kuharibu chanzo cha maji" bila kutaja chanzo kwa jina wala mipaka yake, na inakuwa vigumu kumtia mtu hatiani. Haisemi banio lifungwe tarehe ngapi, na ufunguo wa lango ushikwe na nani. Haisemi faini inaingia akaunti gani. Andikeni kwa mfano kwamba banio fulani litafungwa kuanzia Julai mosi, litabaki wazi kwa kiasi cha maji ya nyumbani tu, na ufunguo utakaa kwa katibu wa jumuiya. Maji ya nyumbani yasipoachiwa nafasi, watu watavunja lango usiku, na watakuwa na haki. Kisima kirefu au bomba la kijiji ndicho kinachofunga banio kwa kudumu, na hilo ni suala la bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, lakini mapendekezo ya vijiji yanakusanywa miezi mingi kabla. Anayeleta ombi Mei, wabunge wakiwa tayari Dodoma wanapitisha bajeti, amechelewa kwa mwaka mzima.

Mahakama nayo ipo. Sheria ya 2004 inampa mtu yeyote haki ya kufungua shauri kutetea mazingira hata kama yeye mwenyewe hakudhurika. Ni njia ndefu na ya gharama, lakini kuijua kunaipa barua ya kikundi uzito.

Ushirikiano wa pande mbili uliwahi kuzaa tunda kubwa hapa hapa. Uwanda wa Kitulo ulikuwa unachimbwa viazi vya okidi kwa magunia, vikisafirishwa Zambia ambako vinapikwa kuwa chikanda. Watafiti na watetezi wa uhifadhi waliandika kilichokuwa kinapotea, serikali ikasaini, na mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 412 hivi. Bila ushahidi saini isingekuja. Bila saini, ushahidi ungebaki kabatini.

Vinyungu, yaani bustani za bondeni, ni habari ngumu zaidi, na hapa nawalaumu wote wawili. Iringa na Njombe, bustani ya bondeni ndiyo mboga, mahindi mabichi na ada ya shule wakati wa kiangazi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira kinakataza ndani ya mita 60 shughuli za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinahatarisha ukingo wa mto au bwawa. Hakikutaja jembe. Wanaharakati wakali wanakisoma kama marufuku ya kila kitu, wanasiasa wakati wa uchaguzi wanaahidi kwamba kila mtu atalima anapotaka, na bonde linaumia katikati. Kinachokausha bonde zaidi ni mtaro unaochimbwa kukamua maji ya kinyungu, pamoja na milingoti (mikaratusi) iliyopandwa chemchemini. Sheria ndogo inayokataza mitaro na kuamuru milingoti ya kwenye chanzo ikatwe na visiki ving'olewe (visipong'olewa vinachipua upya) itakubalika kijijini kuliko inayokataza maharage.

Badala ya milingoti pandeni mivengi, miti ya asili, na pandeni kwa wakati. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili hadi Mei mwanzoni. Siku ya Kupanda Miti Kitaifa ni tarehe 1 Aprili, na Siku ya Mazingira Duniani ni 5 Juni. Mche unaopandwa Aprili unapata wiki chache tu za unyevu. Wa Juni unakutana na ardhi kavu, na Makete au Mufindi unakutana pia na baridi inayounguza majani. Kikundi kinachotaka mgeni rasmi kimwite Januari, mvua ikinyesha, mashimo ya sentimita 60 kwa 60 yakiwa yamechimbwa Novemba. Tarehe 5 Juni aitwe tena, atembee mstari kwa mstari kuhesabu iliyopona, na hesabu iingizwe kwenye muhtasari wa kijiji kwa saini yake.