Kope za jicho la kulia

Wiki hii jengo la studio limepata mwenyewe mpya, barua ya posa ya binti yetu wa Iganga imeletwa, na umeme umekatika hadi nikachapisha picha za pasipoti kwa jenereta ya jirani. Yote hayo yamepita. Lililonikaa kifuani ni neno la Sadiki, kijana niliyemfundisha kazi ya picha.

Ni kuhusu ile picha ya Mama niliyowaahidi, aliyovaa gomesi ya kijani, lile gauni letu la sherehe, siku ya kwanjula, ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, kasimama mbele ya migomba. Niliipiga kwa Helios 44-2, ile lenzi ya Kirusi niliyowasimulia wakati wa Ramadhani. Jumapili jioni Sadiki aliichukua simu yangu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisukuma kushoto, akaisukuma kulia, kisha akasema, "Shangazi, picha hii ingetoka kwenye lenzi yangu mimi, ungeniambia niifute."

Nikamjibu, "Kunywa chai, itapoa."

Akanywa, akapanda taxi ya Kampala, akaenda zake. Na mimi tangu usiku ule namjibu peke yangu. Nikiosha vyombo namjibu. Nikimpanga mteja kwenye kiti, inua kidevu kidogo mama, hapo hapo, kichwani namjibu Sadiki. Ungeniambia niifute. Ningemwambia kweli?

Hakusema kwa ubaya, mtoto huyu hana ubaya. Kinachouma ni kwamba kipimo alichonipimia nilimpa mimi. Alipokuwa anajifunza kazi hapa Jinja nilikuwa namwambia kila siku: ikuze picha mpaka uone kope, kope zikipotea futa, usiihurumie. Sasa amekuza, lakini kwenye kope hakufika. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona za picha. Na kona za Helios ukilifungua tundu lake la mwanga mpaka mwisho, yaani f/2, ni dhaifu, hilo halina ubishi. Majani ya pembeni yamejikunja na kuzunguka kama yamepigwa kisulisuli.

Wanaonifuata wanajua kwamba mimi siisifu lenzi kwa sababu ni kuukuu. Namba ya hii yangu inaanza na 81, na lenzi nyingi za Kisovieti huanza na mwaka zilipotengenezwa, kwa hiyo naihesabu ni ya 1981. Mchoro wake una umri mkubwa zaidi, umetoka kwenye Biotar ya Wajerumani wa Zeiss kule Jena, kabla ya Vita Kuu ya Pili. Hiyo ni historia, haimpigii mtu picha. Lenzi kuukuu ikiletwa studio naiwashia tochi ya simu kwa nyuma na kuchungulia kwa mbele. Naangalia kama kuna nyuzi za kuvu, kama kioo kimeweka utando, kama mafuta yamevuja kwenye vile vijibapa vya ndani vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga. Mchubuko mdogo kwenye kioo cha mbele haunitishi, wa kioo cha nyuma unanitisha. Na sisi tunaokaa kando ya ziwa tuna adui mmoja mkubwa, unyevu. Msiniwekee lenzi kwenye mkoba wa ngozi kabatini mwaka mzima halafu mkasema Warusi hawakujua kazi. Yangu inalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Alhamisi sikuvumilia. Nilifunga studio mapema, nikapeleka kiti kwenye migomba, nikamweka mtoto wa jirani na kupiga kwa Helios, kisha kwa lenzi mpya ya studio ya 50 mm, saa ile ile na mwanga ule ule. Mpya imemshinda mzee kwa f/2 kila kona, wala si kidogo. Nilipofunga mpaka f/5.6 tofauti ikawa ya kutafuta. Nilipogeukia jua, Helios ikafifia yote, weusi ukawa kijivu, picha ikawa kama imemwagiwa maziwa. Kwa hiyo arusi ya mchana mlangoni mwa msikiti sitaipiga kwa Helios, na picha za pasipoti ndiyo kabisa.

Halafu nikaifungua ya Mama kwenye kompyuta, nikaikuza kama nilivyomfundisha yule kijana. Kope za jicho la kulia zipo. Moja moja, pamoja na ile nyeupe ambayo Mama anaikataa. Kwa f/2, ukiwa karibu kama nilivyokuwa, sentimita sitini hivi, kinachokuwa wazi ni unene wa sentimita moja na kitu tu, kwa hiyo jicho la kushoto limeanza kulainika na ncha ya bega la gomesi, ile inayosimama, imeshayeyuka. Na yale majani yanayozunguka yana sababu. Pembeni mwa picha fremu ya lenzi inaukata mwanga, kila doa la nuru linabanwa kuwa kama punje ya mchele, na punje zote zinajipanga kuzunguka katikati. Ukisimama mbele ya ukuta mtupu hutaona kitu. Pale nyuma ya Mama palikuwa na migomba, na jua linapenya katikati ya majani, basi kila kitu kikazunguka na katikati akabaki yeye, anacheka na jambo aliloambiwa na shemeji. Hata madumu ya maji yaliyokuwa nyuma yake huyaoni. Kwa lenzi mpya, hapo hapo niliposimama, nisingeipata.

Nilifurahi mno. Nilipiga kelele peke yangu studio, fundi wa viatu wa mlangoni akaja kuuliza kuna nini, nikamwita ndani aione. Akaitazama kwa muda, akasema Mama amependeza. Hakusema lolote la kona!

Usiku nikamwandikia Sadiki: "Kope zikikosekana ningekuambia ufute, ya lenzi yoyote ile. Rudi ukatazame jicho la kulia." Akajibu asubuhi: "Nimeona, shangazi. Kope ziko safi. Lakini kona bado mbaya."

Haya, kona bado mbaya. Tutaendelea Jumapili akija, nimeshamnunulia mkate wa kumimina. Kabla sijasahau, dada wa Mbale uliyeuliza kama Helios itakaa kwenye Nikon yako ya zamani: itakaa kwa adapta, ile pete ya kuunganishia, lakini vitu vya mbali havitakuwa wazi mpaka adapta iwe na kioo cha lenzi ndani, kwa sababu Nikon inataka milimita 46.5 kutoka pale lenzi inaposhikia kamera mpaka kwenye filamu au sensa, na hii imetengenezewa 45.46. Kwenye kamera zisizo na kioo cha kupindulia, zile za mirrorless, hakuna shida hiyo.

Zaituni wetu aliyeko Muscat hajapiga simu tangu Jumatano. Kule kuna intaneti muda wote na yeye hapitishi siku bila kumsalimu Mama, lakini ujumbe wangu una tiki moja tu mpaka sasa. Mama nimemwambia simu yake imeharibika. Yule dada wa Bugembe aliyesafiri naye namba yake ninayo, kesho nikitoka sokoni nitampigia.