Siku moja juu ya dari: mimi ni fundi wa kebo za intaneti

Saa 11 alfajiri niko macho. Chai, chapati moja, begi mgongoni: krimpa ya kubania vichwa vya kebo, testa ya kupimia nyuzi zake, drili ya betri, tochi ya kichwani na boksi la kebo la mita 305, shaba tupu, si ile alumini iliyopakwa shaba. Mtaani wananiita fundi umeme. Umeme si kazi yangu, ila kutwa nzima nafanya kazi ubavuni mwake, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Saa 2 asubuhi, Kimara, Dar es Salaam. Ruta iko sebuleni, intaneti haifiki chumba cha nyuma anakosomea kijana wa chuo. Nikakadiria mita 25 za Cat6, aina ya kebo ya intaneti. Nikamwamkia mwenye nyumba, akaitikia, akanionyesha paipu ya umeme ukutani.

"Pitisha humo, fundi. Usinitobolee ukuta, rangi nimepaka juzi."

"Mama, humo mna volti 230. Siwezi."

"Kaka yangu alipitishiwa humo humo, mwaka wa pili huu."

Akampigia kaka yake, akaweka spika. Kaka akasema mafundi wa siku hizi wanatafuta kuongeza bei. Nimesimama na ngazi begani, nasikiliza. Simu ilipokatika nikachuna kipande cha kebo, nikamwekea mama kiganjani: nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili, kila moja na plastiki nyembamba ambayo ukucha tu unaichubua. Nikamwambia hii haikutengenezwa kukaa na umeme wa nyumba. Tukiivuta humo, ikikwaruzika kwenye kona na waya wa umeme nao uwe umechubuka, umeme unaingia kwenye kebo na kutokea kwenye laptopu, kwenye mkono wa mwanao. Mama akasema atafikiria. Akaenda jikoni. Saa 4 ikapita.

Nikamwomba walau nipande nikaangalie. Tukazima mein swichi, nikapanda. Chini ya bati kunachemka, jasho linaingia machoni, na jipsamu haikanyagwi: unatambaa kenchi hadi kenchi. Juu ya korido nikakuta kiungio cha umeme: waya mbili zimepindwa pamoja, zimefungwa mfuko wa nailoni, nailoni imeyeyuka na ubao wa chini umebadilika rangi kuwa mweusi. Nikapiga picha bila kugusa, nikashuka nayo.

Mama aliitazama muda mrefu. "Toboa, mwanangu."

Kiungio sikukigusa. Nilimwomba asiwashe saketi ile, aite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akampigia hapo hapo.

Kuanzia hapo saa sikuziangalia tena. Kebo ikapata paipu yake peke yake, futi moja mbali na ya umeme. Palipolazimu kukutana nikaivusha kwa msalaba, isitambae sambamba nayo. Ukutani sikutoboa juu wala chini ya soketi, maana nyaya za umeme kwa kawaida hupanda na kushuka wima hapo. Kisha nikapanga nyuzi nane kwenye kichwa cha kebo kwa rangi: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Mikono imechoka, taa ya uzi wa sita kwenye testa haikuwaka. Nikakata kichwa, nikafunga kingine. Zikawaka zote nane.

Kijana akachomeka, akacheka peke yake. Mama aliomba nipunguze bei, "ni kebo tu, fundi." Sikupunguza. Tumbo langu lilikuwa limelala juu ya mbao zile kutwa nzima.

Nilifika nyumbani giza limeingia, vumbi la dari likinikereketa kooni. Nimeshaoga, simu ikaita.

"Fundi, yule wa umeme amekuja, ameunga upya. Na kaka anauliza, kesho una nafasi ukamtolee ile kebo yake?"

Nikamwambia saa 2 nitakuwa pale, na mein iwe imezimwa.