Kwa Miguu Kutoka Fustat Hadi Bab Zuwayla

Nilishuka treni katika kituo cha Mar Girgis, Kairo ya kale, saa tatu asubuhi, nikikusudia kuifuata kwa miguu njia aliyopita kila siku kwenda kazini Musa bin Maimun (Maimonides), rabi, mwanafalsafa na tabibu wa karne ya 12, mzaliwa wa Cordoba, Hispania, ambaye jamaa zake waliuhama mji huo baada ya Wamuwahidi, watawala Waislamu kutoka Maghribi, kuutwaa mwaka 1148, wakatangatanga hadi Fas nchini Moroko, kisha Akka huko Palestina, na hatimaye wakatua hapa Fustat, mji ambao leo ni sehemu ya Kairo.

Nilianzia sinagogi ya Ben Ezra. Humo Wayahudi walikuwa wakiweka maandishi yao yaliyochakaa, kwa kuchelea kulitupa jina la Mungu. Mwishoni mwa karne ya 19 shehena kubwa ya karatasi hizo ilipelekwa Cambridge, na ndani yake zikapatikana rasimu za mkono wa Musa mwenyewe, zenye maneno yaliyokatwa na kuandikwa upya. Falsafa yake aliiandika kwa Kiarabu chenye herufi za Kiebrania, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Katika mantiki hakuwa na simile: alimwusia mfasiri wake asisome kitabu cha mwingine ila cha mwanafalsafa Mwislamu Al-Farabi.

Nikashika njia kuelekea kaskazini, jua likiwa limekwisha kukaza. Kwenye kivuli cha msikiti wa Ibn Tulun nilipumzika kitambo, nikamfikiria Daudi, mdogo wake Musa, mfanyabiashara wa vito aliyezama katika Bahari ya Hindi pamoja na mali ya familia. Mimi ni mtu wa Mombasa, na bahari hiyo naijua. Musa aliugua kitandani kiasi cha mwaka mzima, kisha utabibu ukawa ndio riziki yake.

Nilifika Bab Zuwayla, lango la kusini la mji wa Kairo wa enzi hizo, lililojengwa mwaka 1092, baada ya zaidi ya saa mbili, nikaketi kunywa maji ya miwa huku miguu ikiniwaka. Katika barua ya mwaka 1199 kwa mfasiri wake huyo, Musa anaeleza kwamba kila asubuhi alikwenda Kairo kumtazama mtawala, akarudi Fustat alasiri akiwa na njaa, akakuta ukumbi umejaa wagonjwa, Wayahudi na wasio Wayahudi. Alishuka kwenye mnyama wake, akanawa mikono, akawaomba radhi ale kidogo, kisha akawahudumia hadi usiku, mwishowe akiwaandikia dawa huku amelala chali kwa uchovu.

Mimi nilirudi kwa teksi.