Seva inayosubiri nayo inahitaji leseni

Ofisi yetu ya ushirika hapa Tabora ina seva mbili zilizounganishwa kuwa klasta. Moja inafanya kazi, ya pili inasubiri. Ya kwanza ikizimika, ya pili inashika diski ya pamoja na kuendelea. Mkulima wa tumbaku aliyetoka Urambo kuulizia malipo yake hatambui kama kuna kilichobadilika, na ndivyo inavyotakiwa.

Kila usiku programu ya kunakili mafaili huchukua kumbukumbu za wanachama kwenye diski hiyo na kuzipeleka kwenye mashine iliyo jengo jingine. Mzabuni alituuzia leseni moja, iliyofungwa kwenye jina la seva ya kwanza. Seva hiyo ilipoungua pawasaplai, kazi zote zilihamia ya pili kama ilivyopangwa, isipokuwa kunakili. Programu ilikuwepo, ratiba ilikuwepo. Usiku ikaamka, ikasoma jina la mashine, ikaona silo, ikaandika mstari mmoja kwenye logi, faili la kumbukumbu za matukio yake, na kusimama. Dirishani watu walikuwa wanahudumiwa kama kawaida, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Hilo ndilo linaloniuma: nakala zilikosekana wakati uleule tuliobaki na seva moja tu.

Nilipoomba leseni ya pili, mama mhasibu akaniuliza, "Mwanangu, hiyo nyingine si imekaa tu? Tulipie mashine inayosubiri?" Swali la haki kabisa, hizi ni hela za wakulima. Jibu liko kwenye masharti ya muuzaji, na wauzaji hawafanani. Wapo wanaohesabu kila mashine iliyowekwa programu, iwe kazini au inasubiri. Wapo wanaohesabu ile iliyo kazini tu. Windows Server yenyewe, mfumo endeshi wa seva wa Microsoft, huhesabiwa kwa koa za prosesa, yaani viini vinavyofanya kazi ndani yake, na seva moja hulipiwa koa zisizopungua 16 hata kama inazo 8.

Akauliza pia kuhusu programu za kunakili za bure. Robocopy imo ndani ya Windows Server tangu toleo la 2008. rsync, ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras, ilitoka mwaka 1996 na iko chini ya GPL, leseni ya programu huria: unaiweka kwenye mashine zozote uzitakazo, nayo hupeleka vile vipande vilivyobadilika tu, nafuu kubwa kwa mtandao mwembamba. Kwa barua na picha za skana ningezitumia hizo bila kusita. Ila faili letu la hifadhidata liko wazi muda wote. Robocopy ikikuta faili limeshikwa na programu nyingine, hushindwa kulisoma. Rsync inaweza kulinakili huku linaandikwa, nakala ikatoka mbovu. Programu tunayolipia huigandisha kwanza hali ya diski, ndipo inakili.

Kwa hiyo nimemtaka mzabuni ajibu kwa maandishi: leseni inafuata jina la mashine au jina la klasta? Seva inayosubiri inahesabiwa? Kifaa kikibadilishwa, ufunguo mpya wa leseni unalipiwa? Na kabla hajalipwa, tutahamishia kazi kwenye seva ya pili mchana kweupe, mama mhasibu akiwepo, tuone nakala ikifika jengo la pili.